Serundeng ya Bu Wati Haikufika Houston

Tangu nirudi kutoka Houston kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande chake. Rehema nilimpa kipande cha gari kuharibika, tukacheka. Wengine nikawaambia habari za joto na bei ya dagaa Alief, mtaa wa huko huko Houston. Halafu Ijumaa iliyopita, nje ya msikiti, mmoja wenu akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akasema, "Mwana, tumesikia ulivyombebea jirani yako mgonjwa chakula mpaka Houston. Mungu akulipe." Nami nikasema amina.

Nimeshindwa kukaa na amina ile. Naandika yote mara moja, kama yalivyokuwa, ili asiwepo mtu mwingine wa kunishukuru.

Arlington, ukuta kwa ukuta

Jirani yangu Bu Wati ni mama mfupi wa miaka sitini na kitu, anayetembea na kile chuma cha miguu minne tangu avunjike nyonga. Anatoka Java, kule Indonesia. "Bu" kwao ni kama sisi tunavyosema Mama. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka mitatu. Ni Mwislamu kama mimi, na mwezi wa Ramadhani tunabadilishana sahani, lakini mazungumzo yetu hayajawahi kuwa marefu. Kiingereza chake ni cha maneno matanomatano, na mimi kila siku nina haraka ya kuwahi zamu maabara.

Wiki ile nilisikia sauti ukutani siku mbili mfululizo, Alhamisi na Ijumaa. Kwaru, kwaru, kwaru. Inanyamaza, inaanza tena. Nilidhani anakwangua sufuria iliyoungua. Sikwenda kumuuliza.

Jumatano nilikuwa nimemwambia kwamba Jumamosi naenda Alief kumwona binamu yangu aliyejifungua, na kununua dagaa na unga wa muhogo. Uso wake ukang'aa. Akaniuliza mara mbili, "Houston? You? Saturday?" Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi akawa amesimama mlangoni kwangu, mkono mmoja kwenye chuma chake, mwingine umekumbatia bati la biskuti lililofungwa kwa kitambaa cha batiki, ncha za fundo zimesimama kama masikio.

"Dada yangu," akasema kwa Kiingereza chake. "Forty. Selamatan. Leo, baada ya Asar. Tafadhali." Akanipa karatasi yenye anwani na namba ya simu.

Neno "selamatan" sikulijua. Masikio yangu yalisikia "salamu tu," nikaona ni sawa, anampelekea dada yake salamu. Hilo la forty nililielewa vizuri, au ndivyo nilivyojidanganya. Nikampigia makofi.

"Forty! Maashallah! Bado kijana!"

Bu Wati alinitazama kidogo. Kisha akatabasamu, akanipapasa bega, akarudi ndani akikokota chuma chake. Nilijiuliza mama wa miaka sitini anakuwaje na dada wa arobaini, nikajijibu kwamba kila familia na uzazi wake. Kuuliza kungenichukua nusu dakika.

Kwenye gari nilifungua lile bati. Humo ndani mlikuwa na nazi. Nazi iliyokunwa, imekaangwa mpaka imekuwa kahawia, kavu kabisa, imechanganywa na karanga na vijani vyembamba. Ninyi wa bara na wa Kongo hamtanielewa, basi niwaeleze. Mimi nimekulia Tanga. Kwetu nazi inakunwa, inakamuliwa tui la kwanza, la pili na la tatu, na kile kinachobaki mkononi, makapi makavu yasiyo na ladha, kinaitwa chicha. Chicha tunawamwagia kuku. Nilitazama bati lile limejaa hadi kwenye kifuniko, nikasema peke yangu ndani ya gari, "Jamani, mama wa watu ananituma maili mia mbili na hamsini kupeleka chicha."

Nikacheka.

Cedar Hill hadi Corsicana

Nilimpitia Mama Furaha Cedar Hill. Mama Furaha anatoka Bukavu, anafanya kazi ghalani, na dada yake anakaa Alief. Alikuwa na begi la nguo na Biblia yake, amevaa kitenge kipya. Hata kabla hajafunga mkanda alianza kunusa.

"Dada Mwana, ni nini inanukia hivi?"

"Chicha ya jirani."

"Chicha njo nini?"

Nikamweleza habari za kuku. Akafungua kifuniko, akachota kwa vidole viwili, akatia mdomoni.

"Hapana, dada," akasema. "Hii si chakula ya kuku. Hii mutu aliifanya na roho yake yote." Akafunga bati, akalifunga kitambaa upya kama alivyolikuta, akaliweka mapajani.

Mimi akili yangu ilikuwa kwenye sherehe. Nilijisikia vibaya kwenda kwenye siku ya kuzaliwa ya mtu nikiwa na bati la makapi, hata kama mimi ni tarishi tu. Tulipofika Corsicana nikaingia duka kubwa la vyakula, nikaagiza keki. Msichana wa keki akauliza aandike jina gani. Sikuwa nalo. Dada ya Bu Wati hakuwa na jina kichwani mwangu, alikuwa forty tu. "Andika namba," nikamwambia. Akaandika 40 kubwa ya krimu ya waridi na maneno ya heri pembeni. Nikachukua na maputo sita yaliyojazwa hewa ile ya kupaa. Maputo yakajaa kiti cha nyuma, hata kioo cha nyuma sikukiona tena.

Mama Furaha akaniuliza kama nina hakika ni fête, yaani sherehe.

"Aliniambia mwenyewe," nikasema.

Kabla ya Madisonville

Saa nne na nusu sindano ya joto ikapanda. Nikaona moshi. Nikasogea pembeni mwa barabara kuu, nikafungua boneti, mvuke ukanirudisha nyuma. Mpira wa maji ulikuwa umepasuka. Mnalijua jua la Texas mwezi wa sita. Malori yanapita, gari linayumba, tumesimama kwenye nyasi kavu na miamvuli, na maputo yanagonga dari la gari kama yanataka kutoka.

Baada ya karibu saa nzima pikapu ikasimama. Ndani mlikuwa na mzee mmoja mweupe na mkewe, aliyejitambulisha kwa jina la Earline. Mzee alitazama chini ya boneti akasema anao mpira wa namna ile nyumbani, nyuma ya banda lake la matrekta. Akatuvuta kwa mnyororo polepole mpaka kwao. Njia nzima nilikuwa nasema asante, asante, kama kasuku.

Kwao tulikuta majirani wawili waliokuja kumsaidia kurekebisha uzio. Mzee akaingia kazini. Earline akatuingiza ndani kwenye baridi, akatuwekea meza ya nguvu: maharage, wali mweupe, mkate wa mahindi. Mama Furaha akashukuru akaanza kula. Mimi nikachota maharage, nikaona vipande vya nguruwe vinaelea. Nikarudisha kijiko. Earline akauliza kama kuna tatizo. Nikaeleza kwa aibu kwamba sili. Mama wa watu akawa mwekundu kuliko mimi, akaomba radhi mara nne, akaniuliza anipikie yai. Nikasema hapana, wali unatosha. Nikawa nimekaa pale natafuna wali mkavu, mwenyeji wangu ananitazama kwa huruma.

Ndipo nikalikumbuka bati.

Nitawaambia ukweli wa dakika ile. Sikuwa na njaa kali. Kilichoniuma ni kuwa mgeni aliyeokolewa, aliyelishwa, halafu akakataa chakula, na mkononi hana kitu. Nikaenda garini nikaleta bati, nikalifungua mezani, nikanyunyiza kijiko kwenye wali.

Jamani. Ile nazi ilikuwa na utamu wa sukari ya mnazi, na ukwaju kwa mbali, na giligilani, na mchaichai, na majani ya ndimu yaliyokatwa kama nyuzi, na kitu cha mizizi mfano wa tangawizi ambacho sikukijua. Inavunjika mdomoni halafu inanukia puani. Ule wali mkavu ukageuka karamu. Nikamsogezea Earline. Akaonja, akaweka mkono kifuani. Akamwita mumewe. Mumewe akaingia na mikono ya grisi, na wale majirani wawili nyuma yake, wakaonja kwa mkate wa mahindi, wakarudia, wakarudia.

Mama Furaha akaniinamia. "Dada, hii ni kitu ya benyewe," akasema taratibu kwa Kiswahili.

"Kidogo tu. Wametusaidia."

"Wametusaidia siye. Hawakusaidia mwenye bati."

Earline akaniuliza, macho yanang'aa, "Umeitengeneza mwenyewe?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikasema ndiyo. Nikasema ni chakula cha kwetu, pwani ya Tanzania, bibi yangu alinifundisha. Bibi yangu, Mungu amrehemu, angeona nazi imekaangwa kavu namna ile angeuliza tui limemwagwa wapi. Lakini wote wananitazama kama mtu wa maana, na mimi mtu wa kunitazama hivyo simpati kila siku. Earline akaleta kadi na kalamu akaomba aandike. Nikamsomea. Nazi ngapi, nikatunga. Moto wa namna gani, nikatunga. Ile mizizi nikaiita tangawizi. Akaandika kila neno kwa mwandiko mzuri, na juu kabisa akaandika jina langu, akaniuliza herufi zake moja moja.

Saa nane kasoro mpira ulikuwa umefungwa. Mzee alikataa asante ya aina yoyote ile. Basi nikamwomba Earline chupa, nikammiminia ile nazi iliyobaki. Nilijiambia: ni chicha tu, kule Houston nina keki. Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni anatazama ninavyoligonga tako la bati. Tulipoingia garini hakulipokea tena mapajani. Nililifunga kitambaa mwenyewe, nikaliweka chini ya kiti.

Houston, saa kumi na moja

Tulifika tumechelewa kidogo. Mama Furaha alitaka nimshushe kwanza kwa dada yake, lakini anwani niliyopewa na Bu Wati ilikuwa njiani, magharibi kidogo mwa Alief, nikasema tuingie dakika tano, tutoe heri, tutoke. Magari yalikuwa yamejaa mtaa mzima. Nikafurahi, sherehe imechangamka. Nikabeba keki mkono huu na maputo mkono huu. Mama Furaha akabeba bati. Mlango ulikuwa wazi. Nikaingia na sauti yangu yote.

"Happy birthday!"

Kulikuwa na watu thelathini au zaidi wamekaa chini kwenye mikeka, wanaume na kofia, wanawake na mitandio, kila mmoja na kijitabu mkononi. Walikuwa wanasoma Yasini. Hawakuacha kusoma. Wachache waliinua macho, wakanitazama mimi na maputo yangu, wakayashusha. Nilisimama katikati ya mlango na aya ninazozijua kwa moyo, aya tulizomsomea baba yangu alipokufa, zinanizunguka, na puto moja linanigonga sikioni.

Forty. Laiti neno lile lingenifikia kwa Kiswahili. Mtu akiniambia arobaini ya dada yake ningejifunga khanga, ningeshika kichwa, ningempa pole. Limekuja kwa Kiingereza, nami nikaona keki. Na ile selamatan, kumbe, kwao ndiyo hitima.

Mwanamume mmoja wa makamo, mwembamba, akainuka taratibu. Nilikuja kujua ndiye Pak Harjo (Pak kwao ni kama Baba), mume wa marehemu. Alinipokea keki kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu cha thamani. Akapokea nyuzi za maputo. Akainamisha kichwa, akaninong'oneza, "Karibu. Umetoka mbali." Akayapeleka maputo chumba cha nyuma na kufunga mlango, akarudi akakaa. Hakuna aliyecheka. Mtu angecheka ningeshukuru.

Msichana wa miaka ishirini hivi akaja akatushika mikono akatuingiza jikoni. "Mimi Ratna," akasema kwa Kiingereza safi cha hapa hapa. "Wewe ndiye Anti wa Arlington. Budhe ametupigia mara tatu leo." Budhe, akanieleza, ni dada mkubwa wa mama yake. Mama mkubwa, kama tunavyosema sisi.

Kwenye meza ya jikoni palikuwa na maboksi meupe ya chakula, yamepangwa wazi, mistari kwa mistari. Kila boksi wali, kuku, yai, tango. Na kila boksi kwenye kona limewekwa kipande cha jani la mgomba, hakina kitu juu yake.

"Kona ile ni ya Budhe," Ratna akasema. "Tumesubiri hiyo tu. Mama na Budhe walikuwa wanatengeneza serundeng, hiyo nazi ya kukaanga, pamoja kila kukiwa na jambo. Mama alipofariki Budhe alikuwa hospitali kwa ile nyonga. Hakumwona. Hakuja kuzika. Kwa hiyo akasema arobaini atatuma."

Akanyoosha mikono. Mama Furaha alikuwa bado ameshika bati. Alinitazama mimi, si yule msichana, na macho yake yakaniambia niseme. Kisha akalitoa.

Ratna akafungua kitambaa. Akafungua kifuniko. Tako la bati lilikuwa na vumbi la kahawia na karanga mbili.

Nikasema, "Imemwagika. Gari liliharibika njiani. Nisamehe, imemwagika yote."

Na mnajua alifanya nini yule mtoto? Alinikumbatia. Akasema alhamdulillahi mmefika salama. Akamwita baba yake, wakasemezana kwa Kijava, na Pak Harjo akaweka mkono kifuani akasema kwamba watatuombea dua kwa taabu tuliyoipata. Na kweli waliomba. Nilikaa nyuma kwenye mkeka na mtandio wa kuazima, nikasikia katika dua yao, baada ya marehemu, wasafiri wametajwa.

Nilikuwa narudisha vyombo jikoni simu ilipolia. Ratna akapokea, akazungumza akitabasamu, sauti ya uchangamfu. Kisha akanipa. Upande wa pili Bu Wati alikuwa anahema.

"Mwana? Inatosha? Watu wote wamepata?"

Ratna alinitazama, akanipa ishara kwa kichwa: sema ndiyo.

"Wamepata, Bu," nikasema. "Inatosha."

Ratna alipotusindikiza mpaka kwenye gari alikuwa na kile kitambaa cha batiki mkononi. Alikuwa amekikunja vizuri. "Hii serundeng ina mafuta, Anti," akaniambia bila ukali. "Ikimwagika, kitambaa kinachafuka kabisa. Hiki kina alama ya fundo tu." Akasubiri. "Usimwambie Budhe," akasema. "Nimeshamwambia imefika." Akarudi ndani.

Kurudi

Kwa binamu yangu sina la kusimulia. Mtoto ni mzuri, jina lake Yusra. Dagaa nilisahau kununua mpaka asubuhi.

Jumapili mchana nikampitia Mama Furaha kanisani. Tulikwenda mpaka Huntsville bila neno. Mwishowe nikashindwa.

"Sema basi."

"Niseme nini? Na miye nilikula. Asubuhi ya leo nilimuomba Mungu musamaha, nilipiga magoti mpaka yanauma. Lakini dada, mimi nilikula kitu sijue ni ya mfu. Sasa ninajua." Akafuta jasho. "Weye kabla ya kujua ni ya mfu, ulijua si yako."

Tulipokaribia njia ya kutokea kwa Earline, akaiona kabla yangu. "Hausimame? Ile mama aliandika jina yako kwa karatasi."

"Tumechelewa."

"Tumechelewa wapi?"

Nilipita. Nawaambia hivyo hivyo, nilipita kwa maili sabini kwa saa. Huenda mpaka leo pale kijijini kuna mama anakaanga nazi kwa tangawizi, anawaambia wageni wake ni mapishi ya rafiki yake wa Tanzania.

Arlington, Jumapili alasiri

Alikuwa ameacha mlango wazi ananisubiri. Nilikuwa nimeamua nipite na kusema nimechoka, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni kabisa, chuma chake mbele yake, na kwenye meza ndogo palikuwa na sahani yangu: wali, samaki, mboga. Hakuna nazi. Zote zilikuwa zimeingia kwenye lile bati.

"Kula," akasema. "Umechoka. Harjo amekula? Ratna anasema wote wamekula."

Nilikaa. Nilishika kijiko. Akaniuliza kama Pak Harjo alikula mwenyewe au alikuwa anawapa watu tu, kwa sababu tangu msiba hali chakula. Alitaka nimwambie alikula kiasi gani. Alikunja kiganja kama bakuli, akanionyesha: hivi? Au hivi?

Kijiko kikarudi kwenye sahani. Nikamwambia yote. Kwa Kiingereza chepesi, neno kwa neno, nikirudia pale alipokunja uso. Keki. Maputo. Earline. Kwamba nilisema nimeitengeneza mimi. Kwamba nilimimina iliyobaki kwenye chupa ya mtu. Kwamba Ratna alisema vile kumlinda yeye.

Hakulia. Alitazama mikono yake. Ndipo nilipoona vidole: ncha za vidole vya mkono wa kulia zilikuwa na mikwaruzo iliyoanza kukauka, midogo, mingi. Nazi kumi, akaniambia. Alikuna amekaa kitandani kwa sababu nyonga haimruhusu kukaa chini.

"Mimi siwezi kwenda," akasema. "Mguu hauendi. Mkono wangu unakwenda. Ile ndani, mkono wangu." Akavikunja vidole. "Wale watu wa barabarani, walipenda?"

"Walipenda sana, Bu."

"Walisema nini?"

Nikamwambia walivyosema. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza habari za mtoto wake aliyepotelea ugenini. Kisha akaniuliza swali ambalo nililiogopa bila kujua kwamba naliogopa.

"Ratna alisema usiniambie. Wewe umeniambia. Kwa ajili yangu? Au kwa ajili yako?"

Saa ile ile, huku namwambia, nilikuwa nimeanza kujisikia mwepesi, na yeye alikuwa anazidi kuwa mzito kwenye kile kiti, na nilikuwa nimeliona.

"Leo nina hasira," akasema. "Kesho sijui. Nenda kwako."

Nikaenda kwangu. Hatua tatu tu. Kupitia ukuta nilimsikia analia, sauti ya mtu mzima asiyejali nani anamsikia, na nikakaa chini nimeegemea ukuta ule ule, sina haki ya kugonga na sina moyo wa kuondoka.

Siku tatu hakufungua mlango. Ya nne alikuwa na miadi ya nyonga kliniki, na aliyekuwa ampeleke hakutokea. Akagonga mlango wangu kwa chuma chake, akasema neno moja, "Gari." Nikachukua funguo. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akafungua wa nyuma mwenyewe, akaingia taratibu, akakaa.

Kliniki ile nimempeleka mara nyingi, naijua njia nikiwa nimefumba macho. Tulipotoka getini akasema kutoka nyuma, "Kushoto." Kwenye taa akasema, "Kulia." Aliendelea hivyo njia nzima, kila kona, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza dereva ambaye hajawahi kumwona. Nami sikumwambia kwamba najua. Nilikata kila aliposema nikate.